Nyumba Iliyonunuliwa kwa Masikio

Nyumba ile waliinunua kwa masikio. Wengine hununua kwa macho, wakagonga kuta na kufungua mabomba. Wengine hununua kwa pua, wakanusa kama choo cha jirani kinafurika. Dereva na mkewe walikwenda alfajiri, watu bado wamejifunika shuka, wakasimama barabarani na dalali wao kama wezi waliopotea njia, wakatega masikio. Jogoo akawika upande wa kushoto. Mwingine akamjibu kule nyuma, kwenye tangi la maji. Wa tatu, mwenye sauti ya kukwaruza kama msumari kwenye bati, akawika ng'ambo ya ukuta wa nyumba yenyewe, karibu mno hata dalali akaruka.

"Unasikia?" mke akauliza.

"Nasikia."

"Basi nunua."

Hakuuliza ina vyumba vingapi.

Mtu mzima mwenye akili zake hanunui nyumba namna hiyo bila sababu, na sababu yao ilikuwa ndefu. Mzee alikuwa dereva wa malori, na hata alipostaafu watu waliendelea kumwita Dereva, mkewe akiwa wa kwanza. Kampuni ilimpeleka huku, ikamhamishia kule, ikamsahau mahali, ikamkumbuka. Kila alikotupwa alitafuta nyumba ya kupanga, akaleta mke, watoto, vyombo, na kuku. Mkewe hakuwahi kuishi bila kuku. Siku alipoolewa mama yake alimpa kuku mmoja, koo wa kishingo, shingo tupu kama mtu aliyetoka kunyolewa, na ukoo wa koo yule haukukatika tangu hapo. Watu walimwita Mama Kuku kwa kejeli. Yeye akalivaa jina hilo kama gauni jipya.

Tatizo lilikuwa wenye nyumba. Wote walianza kwa tabasamu. "Kuku? Aa, hakuna neno, mama, fuga." Mwezi haujaisha unasikia kuku wamefukua maua, kuku wameingia jikoni kwa mpangaji mwenzao, kuku wananuka. Mmoja alisema kuku wale wanamtazama vibaya akija kuchukua kodi. Basi Mama Kuku aligawa wengi kwa majirani, akachagua wachache, akawatia kwenye tenga, akapanda lori na tenga magotini, na hakusema neno mpaka wafike. Dereva hakuogopa mlima wala matope. Aliogopa ule ukimya wa kiti cha pembeni. Katika safari moja ya namna hiyo, ukimya umemkaba, alisema, "Siku nitakayonunua nyumba, hakuna binadamu atakayekuambia utoe kuku." Alisema ili pawe na neno tu ndani ya gari. Mkewe akalichukua, akaliweka.

Katika kufukuzwa huko Mama Kuku akajifunza jambo moja, akaliamini kuliko hati yoyote: mtaa usio na jogoo ni mtaa wa kufukuzwa. Mtaa wenye majogoo, kaa. Ndiyo maana walikwenda alfajiri.

Na Dereva aliuliza, asionewe. Alimuuliza yule dalali, ambaye mji mzima ulimwita Maneno, "Hapa kuku wanaruhusiwa?" Maneno akainua kidole hewani, akangoja, jogoo wa ng'ambo akawika tena. "Mzee," Maneno akasema, "unataka nani mwingine akujibu?"

Nyuma ya nyumba palikuwa na banda kubwa la mbao, bati juu, vijiti vya kulalia vimelainika kwa miguu ya kuku wa miaka. Mwenye nyumba alikuwa amekwisha kuondoa wake. Mama Kuku akainama, akaingia mzima mzima, akatoka na nyasi kwenye nywele. "Hapa wamekaa kuku wenye afya," akasema, na macho yake yalikuwa yanang'aa. Walilikagua banda ubao kwa ubao. Bati la nyumba ya watu hakuna aliyelitazama. Mvua ya kwanza ndiyo iliyowaonyesha, wakahamisha kitanda, wakaweka sufuria.

Lakini hata sufuria zile zikilia usiku kucha Mama Kuku hakunung'unika. Aliwafungulia kuku wake asubuhi, akakaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, miguu ameinyoosha, mikono imelala mapajani. Dereva hakuwahi kumwona mkewe amekaa bila kushika kitu. Kuku walifukua ua wote. Alikuwepo Wifi, koo mweusi aliyewadonoa wenzake wote na hakuna aliyejua kosa lao. Alikuwepo Bi Harusi, mweupe, mvivu wa kutaga. Na jogoo wao, Shemeji, aliyekula sana na kusaidia kidogo.

"Dereva," mke alisema siku moja akiwa pale ngazini, "hapa hata nikifa ni sawa."

"Usife kwanza. Bati halijazibwa."

Bibi afya wa manispaa alikuja jua likiwa bado chini. Alikuwa mwanamke kijana, viatu vyake vimelika kisigino upande mmoja, mfuko wa plastiki umefunika kiti cha pikipiki yake. Uso ulikuwa umechoka kabla siku haijaanza.

"Hodi wenyewe. Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, karibu."

Akatazama ua. Ua mzima ulikuwa kuku. "Hawa ni wenu?"

"Hapana," Mama Kuku akasema, "wamekuja kunisalimia."

Bibi afya hakucheka, wala hakukasirika. Akavuta pumzi kama mtu anayejiandaa kubeba gunia alilolibeba jana. "Nyumba hii mmeinunua karibuni."

"Kabla ya mvua," Dereva akasema.

"Na aliyewauzia hakuwaambia kitu kuhusu mifugo?"

"Atuambie nini? Yeye mwenyewe alifuga."

"Ndiyo, mzee. Yeye aliruhusiwa." Akaeleza polepole, maneno yakitoka kwa mpangilio, ikaonekana ameyasema kwenye malango mengi. Mtaa ule una sheria ndogo. Siku ilipopitishwa, wale waliokuwa wakifuga tayari waliachiwa waendelee mpaka wafe au wahame. Anayenunua baada ya hapo hafugi, hata kama nyumba aliyonunua ilikuwa na kuku jana yake. "Ruhusa ni ya mtu, mzee. Haikai kwenye kiwanja. Mtu akihama, anaondoka nayo."

"Kama alivyoondoka na balbu zote za nyumba," Mama Kuku akasema.

"Na hao wanaowika kila upande?" Dereva akauliza. Sauti yake ilikuwa imeanza kupungua.

"Wazee wa hapa. Wenyewe wamebaki wachache. Wakiisha hao, ndiyo basi."

Mama Kuku akanyanyuka ngazini, mkono kiunoni. "Mwanangu, nisikilize. Nimenunua nyumba. Banda limo ndani ya nyumba niliyonunua. Sasa banda ni la nani?"

"Banda ni lako, mama. Unaweza kuweka kuni."

"Mwambie na faini, binti!" Sauti hiyo ilitoka ng'ambo ya ukuta, nzito, ya kuamrisha. "Usimfiche mtu mzima!"

Ilikuwa sauti ya jirani, bibi aliyekuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka akazeeka, na mtaa mzima ukamwita Jemedari. Yeye ndiye mwenye jogoo wa sauti ya msumari. Tangu wahamie walikuwa wamemsikia kuliko walivyomwona.

"Faini ipo," bibi afya akakiri, "lakini sipendi kuanzia huko. Mpaka mwezi uishe, mama. Nikirudi nisiwakute." Akavaa kofia yake ya pikipiki, akasita. "Wazuri," akasema, akimtazama Wifi. Wifi akamdonoa kiatu.

Jioni walikula bila kuongea. Ukimya ule wa kiti cha pembeni ulikuwa umeingia ndani ya nyumba, ukavuta kiti, ukakaa mezani nao. Mwisho Mama Kuku akasukuma sahani.

"Tuuze."

"Tuuze kuku?"

"Nyumba. Tuuze, tuhame. Huko mbele, nje ya mji kabisa, sheria hazijafika."

"Zitafika."

"Zikifika tutahama tena. Ni mara ya kwanza?"

Dereva akatazama magoti yake. Yalikuwa yamevimba, kama kawaida yake mvua ikikaribia. Alitaka kusema hawezi. Lakini mtu aliyemhamisha mke kila alikoambiwa na kampuni, leo ahamishwe na mke mara moja tu aseme magoti yanauma? Mdomo ulikataa. "Ngoja kwanza niende ofisini," akasema. "Pengine kuna njia."

Ofisi za manispaa zilikuwa na korido ndefu iliyopakwa rangi nusu, chini kijani, juu hakuna kitu. Watu wamekaa kwenye benchi wakisogea tako kwa tako kila aliye mbele akiingia. Dereva akasogea nao mpaka akafika mlangoni. Mkuu wa idara alikuwa mtu mpole, mwenye mafua, na upole wake ndio uliomkatisha tamaa Dereva. Angefokewa angepata pa kushika.

"Pole sana, mzee. Lakini hata ungekuwa baba yangu nisingeweza. Ungekuja kuuliza kabla hujanunua."

"Kuuliza kwa nani?"

"Dirisha lile pale chini, pembeni ya ngazi. Kazi yake ni hiyo tu. Mtu anakuja, anasema nataka kununua sehemu fulani, anaambiwa pana masharti gani. Bure kabisa."

Akishuka, Dereva aliliona. Alilipita akija bila kulitazama. Dirisha lenye kioo safi, maandishi juu yake, na nyuma yake karani aliyekuwa akizungusha kifuniko cha kalamu mezani, kikizunguka na kuanguka, kikizunguka na kuanguka. Hakuna mtu hata mmoja mbele yake. Dereva akasimama hapo, akiwa hana tena la kuuliza. Karani akainua macho kwa tumaini. "Karibu mzee! Unataka kununua nyumba?"

"Nimeshanunua."

"Ahaa," karani akasema, na kifuniko kikaanguka.

Nje akampigia Maneno simu. Maneno alipokea kwa shangwe kama mtu aliyepigiwa na ndugu. Alipoelezwa, shangwe haikupungua.

"Mzee wangu, tusilaumiane. Mimi nilikuonyesha kuku wapo. Hawakuwepo?"

"Walikuwepo."

"Sikusema kuku wako."

Dereva akakata simu, akakaa kwenye ukingo wa mtaro mpaka magoti yalipokubali kunyooka.

Aliporudi alikuta kabati la vyombo liko wazi na tupu. Sahani zilikuwa sakafuni, zimefungwa nguo kuukuu, na maboksi yamekwisha kupangwa ukutani. Mama Kuku hakuuliza ofisini wamesema nini. Aliisoma habari kwenye mwendo wake tangu langoni.

"Kijana wako amepiga," akasema. Maana yake mtoto wao mkubwa, aliyeishi mbali. "Nimemweleza. Unajua amesema nini? 'Mama, si mle tu?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nimemwambia na yeye nilipata wakati wa kumla, nikamwacha."

Kabla hawajamaliza, lango likagongwa kwa fimbo, si kwa adabu. Alikuwa Jemedari mwenyewe, mrefu, mgongo umenyooka, akipapasa nguzo ya lango kwa mkono mwingine. Hapo ndipo Dereva alipogundua kwamba yule bibi haoni vizuri. Alikuwa akimtazama Dereva begani, kana kwamba uso wake uko pale.

"Nimekuja kwa shughuli, si kwa chai," Jemedari akasema, kisha akakaa akangoja chai. "Nimesikia vyombo vinafungwa. Ukuta ule hauzuii kitu. Sasa sikilizeni. Mimi ni wa zamani hapa, ruhusa ninayo. Banda langu lilipimwa wakati kuku wangu wanajaa ua. Sasa nina jogoo na makoo wawili, na mmoja sijui kama yupo au alishachukuliwa na mwewe, maana simwoni. Leteni wenu kwangu."

Dereva akafungua mdomo kushukuru. Akamgeukia mkewe, akauona uso wake, akaufunga.

"Kwako," Mama Kuku akasema.

"Kwangu. Ukuta mmoja tu."

"Nimepanga maisha yangu yote, dada. Nyumba ya huyu, nyumba ya yule. Leo nimenunua yangu, halafu kuku wangu ndio wawe wapangaji?"

"Sijakutajia kodi."

"Hakuna mwenye nyumba aliyeanza kwa kunitajia ubaya."

Jemedari akaweka kikombe chini, akaukosa kidogo ukingo wa meza, Dereva akakiwahi. "Sawa. Kaa na kiburi chako," bibi akasema akiinuka, "kikutagie mayai." Akaondoka, fimbo ikipiga njia nzima.

Siku zikaenda. Maboksi yakaongezeka ukutani. Mama Kuku alifungua kuku asubuhi, akafunga vyombo mchana, akafungia kuku jioni, na hakukaa tena kwenye ngazi. Asubuhi moja, mwezi umebaki mkia, alimwambia mumewe, "Mpigie yule Maneno. Aliyeninunulisha ndiye atakayeniuzia. Na boksi hilo la masufuria lisogeze mlangoni."

Dereva akainama, akalishika boksi. Lilikuwa boksi la kawaida. Maisha yake yote alikuwa ameshusha mizigo mizito kuliko hiyo akipiga mluzi. Akalinyanyua mpaka magotini, likagoma. Akajaribu tena. Akalishusha, kisha na yeye akashuka, akakaa sakafuni kati ya maboksi, mgongo ukutani, na akajua hanyanyuki hapo kwa sasa.

Mama Kuku alimkuta vile. "Umeanguka?"

"Nimekaa."

"Kaa kwenye kiti basi."

"Sitaki kuhama," Dereva akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao yote neno hilo kutoka kinywani mwake. Mkewe akasimama na taulo mkononi.

"Ulisema hakuna binadamu atakayeniambia."

"Nilisema."

"Na sasa?"

"Sasa nimechoka. Nilidhani nikinunua, nimemaliza. Kumbe kuna dirisha, na sikuuliza. Nikipanda lori tena, hata kama abiria, nitafia njiani, na wewe utazika mtu huku umeshika tenga. Kama unataka kwenda, nenda. Sikuzuii, sina uso wa kukuzuia. Mimi nipo hapa hapa sakafuni."

Alingoja ukimya. Badala yake mkewe akashusha pumzi ndefu, akashika ukuta, akajishusha polepole, goti moja, kisha la pili, akakaa kando yake. Miguu yake ilikuwa imevimba kuliko ya mumewe. Dereva hakuwa ameitazama siku nyingi.

"Na mimi nani alikuambia sijachoka?" akasema. "Unadhani napenda? Tangu umestaafu unazunguka ua huu kama gari limeachwa linanguruma. Nikasema, huyu hawezi kukaa mahali. Nikitaja kuhama atafurahi."

"Nifurahi? Na magoti haya?"

"Hukusema kitu kuhusu magoti. Ulisema unaenda ofisini."

Wakakaa. Nyuma Wifi alikuwa akimfukuza mtu, mbawa zikipiga bati.

"Yule bibi anaamuru mno," Mama Kuku akasema baadaye.

"Anaamuru."

"Na banda lake litakuwa limejaa utitiri. Asiyeona hawezi kufagia pembe." Akafikiri. "Nipe mkono, niinuke."

"Nani ampe mwenzake?"

Iliwachukua muda. Kisha Mama Kuku akavaa kandambili, akatoka langoni, na baada ya kitambo Dereva akasikia sauti zao ng'ambo ya ukuta. Alivuta kiti karibu, asikie vizuri.

"Sijaja kupanga. Nimekuja kufanya kazi. Banda nalisafisha ninavyojua mimi."

"Safisha, nani amekukataza? Mayai?"

"Nusu kwa nusu."

"Mayai ya kuku wako na wangu, au ya wako tu?"

"Utajuaje ni ya nani, na huoni?"

Dereva akafumba macho, akijua mkewe amevuka mpaka. Kisha Jemedari akacheka, kicheko kikubwa cha mtu ambaye hajacheka na mwenzake siku nyingi, kikaishia kwenye kikohozi.

"Lakini jogoo wako hapana," akasema akijifuta. "Majogoo wawili humu watauana, na mimi nitakuwa katikati nikipapasa."

"Shemeji?"

"Hata awe baba mkwe."

Mama Kuku alirudi, akasimama mbele ya mumewe, akasema tu, "Umesikia." Dereva akachukua kisu, akaenda kukinoa. Shemeji walimpika siku ile ile. Alikuwa mgumu, alichemka mpaka mkaa ukaisha ukaongezwa. Dereva alikula kidogo, kwa adabu. Mkewe alikaa na sahani tupu, akisema hana njaa, na Jemedari, waliyempelekea bakuli, alituma neno kupitia ukutani kwamba chumvi haikutosha.

Kesho yake wakavusha kuku. Dereva aliegemeza ngazi ya mbao ukutani, akapanda vipandio viwili tu, magoti hayakuruhusu zaidi, na Mama Kuku akazunguka kwa barabara akasimama upande wa pili juu ya ndoo. Dereva alishika kuku mmoja mmoja, mbawa zimebanwa, akamwinua juu, mikono ya mkewe ikatokea, ikapokea. Hawakuonana nyuso. Mikono tu. Bi Harusi akavuka bila kujali. Wifi alimkwaruza mkono kutoka kiganja mpaka kiwiko. Katika kuhama kwao kote, huko ndiko kulikokuwa karibu kuliko kokote, na ndiko kulikomchosha zaidi.

Aliposhuka, bibi afya alikuwa amesimama langoni, kofia ya pikipiki mkononi. Hakujua amesimama hapo tangu lini.

"Mzee, shikamoo. Naona banda limebaki wazi."

"Tutaweka kuni."

Bibi afya akasikiliza ng'ambo, ambako Jemedari alikuwa akiwapangia kuku wageni mahali pa kulala kama wasichana wa kidato cha kwanza. "Kule nikienda," akasema polepole, "nitahesabu kuku, niangalie kama wanazidi kipimo cha banda. Ukoo wao siulizi. Sheria haikuniambia niulize ukoo."

"Tulikuwa tunataka kutoboa kilango hapo ukutani," Dereva akasema. "Mke wangu asizunguke."

Uso wa bibi afya ukarudi kwenye uchovu wake. "Kutoboa ukuta wa mpaka kuna kibali, mzee."

"Dirisha lile?"

"Dirisha lile."

Jioni ile Mama Kuku alirudi ananuka pumba, skafu imelegea, akalalamika kuanzia langoni mpaka jikoni. Bibi yule anamwita kwa kupiga makofi. Bibi yule anataka maji yabadilishwe mara mbili, kana kwamba kuku wanakwenda harusini. Bibi yule amemuuliza kama mumewe hukoroma, maana kuna kitu kinasikika ukutani. Dereva alimimina chai, akasikiliza. Maboksi yalikuwa bado ukutani. Alifungua moja, akatoa vikombe viwili, mengine akayaacha.

"Kesho utakwenda?"

"Kuku wangu wako kule, Dereva. Nitakwenda wapi kwingine?"

Na asubuhi akaenda. Dereva akabaki kwenye ngazi ya nyuma. Ua ulikuwa umefagiwa, msafi, hakuna unyoya, hakuna shimo. Sasa angeweza kupanda mchicha. Alikaa akautazama ua ule mpaka hakukuwa na pa kutazama. Ng'ambo kulikuwa na maneno, vicheko vidogo, ndoo, mbawa. Akaingia ndani, akatoka, akaingia. Mwisho akavaa viatu, akashika barabara, akapita malango ya watu akisalimiwa na watu asiowajua, akakata kona, akarudi nyuma kwa mtaa wa pili, mwendo mrefu kwa mtu wa kwenda nyuma ya ukuta wake mwenyewe.

Lango la Jemedari lilikuwa limerudishwa tu. Akalisukuma.

"Nani huyo?" bibi akauliza kutoka kwenye kiti chake, uso umeelekea mti.

"Dereva."

"Funga lango, kuku wasitoke."

"Wangu hawatoki," Mama Kuku akasema kutoka ndani ya banda, matako tu yakionekana.

"Wako gani? Humu bibi afya akiuliza ni wangu wote."

"Akiuliza. Hajauliza."

Dereva akafunga lango, akaangalia ua mzima akitafuta mahali pa kukaa. Hapakuwa na kiti cha pili. Akapindua ndoo iliyokuwa tupu, akaikalia, na Wifi akaja mara moja kumkagua viatu.

"Akiwa hapo bure," Jemedari akasema, "mwambie ashike ufagio."

"Mwache kwanza," Mama Kuku akajibu. "Amesafiri."